"Sikumwona": maneno kwa madereva wa mlimani kabla ya Desemba

Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mchungaji, kina mama mliokuja na watoto, na nyie vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma karibu na mlango, nawashukuru sana. Najua Jumapili mchana ni muda wa abiria, na kila dakika mnayokaa humu ukumbini kuna mtu mnamkosa pale Marangu Mtoni. Nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Nimeombwa niseme juu ya njia panda zetu zilizojificha, hapa kwetu Kilimanjaro. Sote tunazijua. Barabara ya vumbi inashuka katikati ya vihamba, yale mashamba yanayozunguka nyumba zetu, kulia masale, ile mimea yetu ya mpaka, kushoto migomba, halafu ghafla unatokea kwenye lami na huoni kulia wala kushoto mpaka pua ya gari iwe imeshatoka. Nimekaa na jambo hili moyoni miaka mingi. Nitaanza na neno moja ambalo kila dereva hapa ameshalisema au ipo siku atalisema: "Sikumwona."

Mimi nililisema mbele ya askari wa usalama barabarani. Nilikuwa kijana, naendesha lori la kahawa, natoka kwenye barabara ya ndani kuingia kubwa. Nilikuwa gia ya kwanza, lori linatambaa. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikarudia kulia, kama nilivyofundishwa. Barabara tupu. Nikakanyaga mafuta. Kitu cha kwanza nilichokiona ni majani ya ng'ombe, mzigo mzima, yakirushwa mbele ya kioo. Chini ya majani kulikuwa na baiskeli, na chini ya baiskeli kulikuwa na kijana wa miaka 16.

Mguu wake ulivunjika mara mbili. Namshukuru Mungu yuko hai, ana mke na watoto. Lakini kila nikimwona akipanda ngazi za kanisa, akitanguliza mguu ule mmoja, nausikia mlio wa baiskeli upya. Wazee wangu walipeleka jani la sale kwao, tukaomba msamaha kwa desturi yetu, wakatupokea. Ila lile neno langu, kwamba sikumwona, hakuna aliyeliamini. Hata mimi nilifika mahali nikajiuliza kama nasema kweli. Mtu na baiskeli, na mzigo wa majani mpana kama mlango, mchana kweupe. Utamkosaje?

Jibu lake nililipata Tanga. Miaka ile kahawa ya huku tulikuwa tunaipeleka bandari ya Tanga, na ukifika unaweza kukaa siku mbili ukingoja zamu ya kushusha. Jioni moja nilikaa na nahodha wa jahazi, mtu mzima, nikamsimulia kisa changu. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, baharini chombo kinachohama machoni pako hakikugongi. Ogopa kile kinachokaa palepale, upande uleule, kinakua tu."

Akanichorea kwa kidole kwenye vumbi la ubao wa lori. Vyombo viwili vinaelekea sehemu moja, kila kimoja na mwendo wake usiobadilika. Ukiwa ndani ya kimoja, kile kingine utakiona kwenye pembe ileile tangu mwanzo mpaka mnagongana. Hakisogei kushoto, hakisogei kulia. Na jicho la binadamu linashtuliwa na kitu kinachosogea. Kilichotulia jicho hulala nacho.

Sasa chukueni maneno yale ya nahodha myapeleke ndani ya gari. Kioo cha mbele kinashikwa na nguzo mbili. Sisi tunakaa kulia, na tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukitoka njia panda gari la kwanza kukufikia linatoka kulia. Na nguzo ya kulia ndiyo iliyo karibu kabisa na uso wako. Yule kijana alikuwa nyuma ya nguzo ile. Lori langu likitambaa, yeye akiteremka kwa mwendo wake, na nguzo ikamfuata hatua kwa hatua kama mtu anayetembea na kivuli. Niliangalia kulia mara mbili, na mara zote mbili niliangalia chuma.

Nyoosheni mkono, tafadhali, wote. Simamisheni kidole gumba, fumbeni jicho moja. Walio huku mbele, mtazameni yule kijana mwenye koti la njano pale mlangoni. Sogezeni kidole mpaka kimfunike. Mmeona? Amepotea kifua na tumbo. Mtu mzima, hatua 20 tu kutoka hapa, amefichwa na kidole. Na nguzo ya gari ni nene kuliko kidole chako mara nyingi.

Sasa msisogeze kidole. Sogezeni kichwa, kidogo tu, kushoto. Amerudi.

Hicho ndicho nilichokuja kuwaambia leo, mengine yote ni matawi yake. Kwenye kona kama zetu huwezi kukaa kwenye kiti ukangoja kuona. Kuona kunatafutwa. Unakutafuta kwa kichwa, kwa shingo, kwa mguu wa breki, kwa sikio, na kama nitakavyosema mwishoni, kwa panga. Inama mbele mpaka kifua kiguse usukani, rudi nyuma, chungulia upande huu wa nguzo na upande ule. Abiria watakuona kama mtu asiye na raha. Wacha wakuone hivyo.

Na ukitazama, tuliza jicho. Vijana wengi nawaona mnageuza kichwa chap, kulia, kushoto, mmeshaingia. Jicho likiwa linaruka kutoka huku kwenda kule halileti picha, ubongo unajaza tu pale katikati kwa kukisia. Marubani wanafundishwa kuitazama anga kipande kwa kipande, wakilisimamisha jicho kila kipande kabla ya kwenda kingine. Sisi tunaotokea katikati ya migomba tunalihitaji hilo kuliko wao. Tazama karibu, tulia. Tazama mbali, tulia. Kisha upande wa pili hivyohivyo.

Nije kwenye kutoka kwenyewe. Ukiwa kwenye gari dogo, macho yako yapo mita 2 hivi nyuma ya bampa. Maana yake mpaka wewe uone, pua ya gari imeshakaa barabarani mita 2. Kwenye pikipiki ni afadhali, lakini bado gurudumu la mbele linatangulia macho. Kwa hiyo unasimama mara mbili. Mara ya kwanza pale alama au mstari ulipo, hata kama hapo huoni kitu zaidi ya majani. Simama kabisa, tairi zitulie. Shusha kioo, zima redio, sikiliza. Lori lililopakia likipandisha utalisikia kabla hujaliona. Halafu kwa nusu klachi unatoka kidogo kidogo, hatua moja, unasimama, hatua nyingine. Hujaingia bado. Unaitoa pua tu ili wenzako waione na wewe uone. Anayepita akikuona pua anahama kidogo au anaachia mafuta, na hiyo imeshawaokoa watu wengi ambao hawajui hata kwamba waliokolewa.

Kama una konda au utingo, mshushe akusimamie. Nimewahi kuwasikia madereva wakisema ni aibu, gari dogo linaongozwa kama linarudi nyuma. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Mtu aliyesimama ukingoni mwa lami anaona barabara yote, na wewe unaona majani ya mgomba.

Halafu jiulizeni, nikishaona, je, nimeona mbali ya kutosha? Hapa naomba mnivumilie na hesabu, kwa sababu wengi tunakisia na tunakisia vibaya. Noah iliyosimama, ikitoka kukata kwenda kulia, inahitaji kama sekunde 4 mpaka mkia wake uwe umetoka kwenye njia ya anayetoka kulia. Gari linalokuja na spidi 80 linakula mita 22 kila sekunde. Zidisheni: karibu mita 90. Karibu uwanja mzima wa mpira, goli mpaka goli. Ukiwa na Fuso lenye mzigo wa ndizi, sekunde 4 zinakuwa 8, na uwanja mmoja unakuwa viwili. Sasa niambieni, ni njia panda ngapi kati ya Himo na Mwika unakotokea ukaona viwanja viwili vya mpira? Ndiyo maana dereva wa Fuso mwenye busara anatafuta mtu wa kumsimamia, au anapita njia ya mbele yenye uwazi hata kama inamzungusha.

Na kuna kosa ambalo karibu kila mtu analifanya. Umengoja, umengoja, inapita Coaster, na kabla mkia wake haujamalizika unachomoka nyuma yake. Nyuma ya Coaster kuna pikipiki. Coaster ilikuwa ukuta, na ukuta ulipohama kilichokuwa nyuma yake hukukipa nafasi kionekane. Ngoja. Hesabu moja, mbili, gari lililopita liache uwazi, tazama tena. Vilevile yule mwungwana anayesimama akakupigia taa upite. Amekupa njia yake, na Mungu ambariki. Ila hawezi kukupa njia ya bodaboda anayemovateki kwa pembeni wakati huohuo. Mshukuru kwa mkono, kisha toka taratibu vilevile, uchungulie mbele ya gari lake kama unavyochungulia kona ya nyumba.

Sasa naongea na nyie mnaopita kwenye barabara kubwa, maana njia panda ina watu wawili. Najua haki ni yenu. Alama ya STOP ina pembe 8, ile ya kutoa njia ni pembe 3 ncha ikiwa chini, na zimepewa maumbo hayo ili zitambulike hata zikiwa zimejaa vumbi, hata ukiziona kwa nyuma. Kwa hiyo ukiwa kwenye lami ukaona mgongo wa kibao cha pembe 8, umeambiwa: hapa kuna mlango, na anayetoka mlangoni haoni. Kwenye makazi ya watu sheria yetu imetuwekea spidi 50. Kwa spidi 50, lami kavu, tairi nzima, ukipewa sekunde 1 ya kushtuka, gari linasimama kwa karibu mita 28. Kwa spidi 80 ni karibu mita 58. Mwendo hata haujafika mara mbili, umbali umeshapita mara mbili, kwa sababu breki inapambana na mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Mvua ikinyesha ni mbaya zaidi, na kwenye midomo ya barabara zetu za vumbi ni mbaya kuliko kote, kwa kuwa magari yanaburuta tope na changarawe mpaka juu ya lami. Mahali pale hasa unapohitaji breki ndipo panapoteleza.

Dawa yake haina gharama. Ukikaribia mdomo wa barabara ya ndani, ondoa mguu kwenye mafuta uuweke juu ya breki bila kukanyaga. Jisogeze kidogo kuelekea katikati ikiwa hakuna anayekuja mbele, ili anayetoka akuone mapema. Piga honi fupi. Huku mlimani honi kabla ya kona ni salamu yetu ya zamani, na sipendi inavyopotea. Ila honi ni kubisha hodi tu. Kubisha hodi hakukufungulii mlango.

Vijana wangu wa bodaboda, kuna jambo naomba tuambizane kama familia. Mnazima injini mkiteremka. Najua sababu, petroli imepanda na mteremko ni mrefu. Lakini fikirini. Mama anatoka kihambani na ndoo kichwani, au dereva wa Hiace ameshusha kioo kama nilivyosema, anasikiliza. Wewe unateremka kimya kama upepo. Umemnyang'anya sikio, na sikio ndilo pekee alilobaki nalo. Baadhi ya pikipiki taa ya mbele inategemea injini, kwa hiyo umemnyang'anya na mwanga. Na mteremko wote ule umeuachia breki peke yake, gia haikusaidii. Nimekaa kibarazani kwangu nikahesabu: jioni moja, kabla sijamaliza chai, pikipiki 7 zilipita kimya. Kwenye moja kulikuwa na watoto 2 wenye sare za shule.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba hakuna kinachoua zaidi yao kati ya watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29. Umri huo ndio nyie mliosimama pale nyuma, na ndio hawa waliokaa mapajani mwa mama zao.

La pili kwenu, na hili najua litauma. Kijiwe chenu kipo kwenye kona. Kila kijiwe kiko kwenye kona, kwa sababu konani ndipo abiria wanapotokea pande zote. Lakini pikipiki 10 zilizopangwa pale, na mwavuli wa biashara, na nyie mmekaa juu yake, mmekuwa ukuta mbele ya macho ya kila anayetoka barabara ya ndani. Nimeongea na mwenyekiti wenu kabla hatujaingia humu. Nawaomba mrudi nyuma hatua 20 kutoka mdomo wa barabara, upande ule wa chini ambao hauzibi kulia. Abiria atawaona bado. Hatua 20 hazimpotezi mteja, na yule anayetoka ataona lami.

Wiki chache zijazo wenzetu wanarudi nyumbani. Wanatoka Dar es Salaam, wanatoka Arusha, wengine wanavuka Holili kutoka Nairobi. Barabara ambayo siku za kawaida ina magari 3 itakuwa na 30. Wengi wamezoea taa za barabarani zinazowaambia nenda, simama. Hawajui kwamba kwa fulani kuna njia inayotokea chini ya mparachichi. Na wanapita na familia, wanaonyeshana nyumba, macho yao yapo mlimani. Watoto nao wamefunga shule, wako njiani kutwa. Asubuhi ukungu ukishuka, hata sisi tuliozaliwa hapa tunapapasa. Washeni taa mchana, wote, magari na pikipiki. Mkiwa na mgeni nyumbani, mwambieni usiku uleule anaofika, kabla hajalala, wapi kuna midomo iliyofichwa kati ya lango lenu na lami. Mnamwonyesha choo na maji ya kuoga, mwonyesheni na hilo.

Nimesema kuona kunatafutwa hata kwa panga. Naomba wenye vihamba vya konani mnisikilize kwa upole, nami ni mmoja wenu. Sale kwetu ni mpaka, na ni zaidi ya mpaka. Mimi ni wa mwisho kumwambia mtu ang'oe sale lililopandwa na babu yake. Nimeshawaambia, familia yangu ilisamehewa kwa jani hilo. Sisemi tung'oe. Nasema tukate. Jicho la dereva wa gari dogo lipo kama mita 1 na ushee kutoka chini, na la mtoto anayetembea lipo chini ya hapo. Masale yakipunguzwa yakafika gotini, hatua 15 kila upande wa kona, mpaka unabaki mpaka, na dereva anaona. Mgomba mkubwa unaweza kubaki, shina lake ni jembamba. Kinachoziba ni vichipukizi vinavyobanana chini na majani makavu yanayoning'inia. Ng'oeni vichipukizi vya konani mkapande kwingine, majani makavu wapeni ng'ombe malazi. Nyasi za ukingoni baada ya masika zinapanda kifuani kwa mtu, na hata hizi mvua za vuli zimezikuza. Zile hazina mwenyewe, ndiyo maana hakuna anayezikata.

Kona ile niliyomgonga yule kijana bado ipo. Masale yake yalikatwa mwaka ule, yakaota tena, yakakatwa, yakaota. Sasa hivi yamefika begani kwangu. Mwenye kihamba amefariki, watoto wako mjini. Nimewapigia simu juzi, wakaniambia, "Babu, kata."

Kwa hiyo Jumamosi hii saa 2 asubuhi tunaanzia pale. Tukitoka pale tunakuja kona ya kwangu, kisha ya kanisani, kisha ile ya chini ya shule, mpaka jua litakapotuchosha. Yule niliyemvunja mguu ameniambia atakuja, na atasimama kwenye lami atupe ishara magari yakija, maana yeye anaijua barabara ile kuliko sisi wote. Kina mama wa usharika wamesema watapika uji. Njooni na mapanga na mafyekeo, na mwenye tupa ya kunolea asiisahau.